Kutoka Pemba hadi Kasumbalesa

Sisi tuliokulia Wete, katika miaka ambayo karafuu ya Pemba ilinunuliwa na Serikali peke yake kwa bei iliyopangwa na Serikali peke yake, tulifunzwa ilimu ya biashara ya mataifa kabla hatujafunzwa hesabu za kugawanya. Maana kila mtoto alijua kwamba usiku usio na mwezi, mashua zilizoshinda zimelala ufukweni kana kwamba hazina kazi duniani, zilikuwa zikitweka matanga kuelekea Shimoni na Mombasa, na shehena yake haikuwa samaki. Askari waliwekwa, boti za doria zikaletwa, na hotuba zikatolewa juu ya uzalendo na hiana. Karafuu ikaenda vile vile, kwa sababu ng'ambo ya pili ya mkondo kilo moja ilimpa mwenyewe fedha ambazo hapa asingezipata hata angeisafisha kwa ulimi. Mwaka 2011, Serikali ilipompandishia mkulima bei, magendo yalipungua kwa namna ambayo bunduki hazikupata kuyapunguza.

Tulijua na jambo la pili, chungu zaidi. Mnunuzi wetu mkubwa wa zamani alikuwa Indonesia, ambaye aliitia karafuu yetu katika sigara zake za kretek. Naye alikwisha kupanda mikarafuu yake mwenyewe, na alipojitosheleza, bei ya Pemba ikaporomoka bila ya Mpemba yeyote kutenda kosa lolote. Mtu aliyekwisha kuona mchana mmoja wa namna hiyo, watu wamekaa barazani wanatazamana huku karafuu imeanikwa majamvini na haina wa kuiulizia, haamini tena kwamba bei ya kitu hutokana na jasho la aliyekilima.

Kwa hivyo nilipopata fursa ya kwenda bara mwaka 2024, baada ya mavuno, baridi ya nyanda za juu ikiwa inaanza kulegea, nikaazimia kuifuata njia ya shaba kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi huko inakochimbwa, sikuchukua vitabu vya takwimu. Nilichukua macho ya Mpemba, ambaye akionyeshwa mpaka wowote huuliza kwanza: upande wa pili wanauza kiasi gani?

Kituo cha TAZARA pale Dar es Salaam ni jengo la fahari, pana na refu, kazi ya watu waliotaraji makubwa. Reli yenyewe, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, haikuzaliwa na hesabu ya faida. Mwezi wa Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wa wachache, Zambia, iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru wake, ilijikuta sehemu kubwa ya shaba yake inapita katika nchi ya mahasimu ili ifike baharini, na mafuta yake yanaingia kwa mlango huo huo; na ijapokuwa wataalamu wa Benki ya Dunia walikwisha kutoa rai kwamba reli ya kuelekea Dar es Salaam haitarudisha gharama zake, Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda waliigeukia China, nayo ikawakopesha fedha bila ya riba na kuleta mafundi wake kwa maelfu, ambao baadhi yao walifia kazini na kuzikwa Gongo la Mboto. Bomba la mafuta lilitangulia mwaka 1968. Reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Katikati ya hapo, Januari 1973, Ian Smith, kiongozi wa walowezi wale, aliufunga mpaka wake na Zambia, na wale waliokuwa wakiicheka reli ya siasa wakanyamaza.

Lakini chuma kina ukaidi wake. Reli ya kati, waliyoianza Wajerumani, ina upana wa mita moja kamili, na hii ya TAZARA ina milimita 1,067, ambao ndio upana wa reli za Zambia na za kusini ya Afrika kwa jumla. Milimita 67, pungufu ya kiganja cha mtu mzima, zikatosha kuzifanya reli mbili zinazoanzia mji mmoja zisiweze kuazimana hata behewa moja. Mzigo unaotaka kuhama kutoka hii kwenda ile hupakuliwa na kupakiwa upya pale Kidatu, na kila mkono unaougusa mzigo hudai ujira wake.

Katika behewa letu alikuwamo fundi mstaafu wa reli, akirejea kwao Mlimba, mzee wa maneno machache na kumbukumbu nyingi, ambaye alikuwa akilitaja kila daraja kabla hatujalifikia. "Shekhe," aliniambia, baada ya kuitambua kofia yangu na lafudhi yangu, "siku zile mabehewa ya shaba yanashuka, ya mbolea yanapanda, sisi tunalala kwa zamu. Kisha Zimbabwe ikapata uhuru. Kisha Mandela akatoka kifungoni. Tukashangilia sana, kumbe tunashangilia na mzigo wetu unakwenda zake." Alicheka mwenyewe, wala hapakuwa na uchungu katika kicheko chake, kwa kuwa hakuna Mtanzania wa umri ule atakayejutia uhuru wa jirani ili behewa lijae, ila aliyoyasema ni kweli tupu. Amani ilipofungua njia ya kusini, wenye shaba walitazama ratiba za meli za Durban, wakatazama nauli, wakageuka. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka haijapata kuzifikia hata mara moja. Siasa iliweza kuilaza chini. Kumwamrisha tajiri aipakie shaba yake humo haikuweza.

Baada ya mbuga, njia huingia bonde la Kilombero, na milima ya Udzungwa husimama upande wa kulia, myeusi kwa msitu, ikivuta mawingu. Vituoni wanawake huja na masinia kichwani: ndizi mbivu, kuku wa kukaanga, samaki wa mtoni na wali uliofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nilikula wali ule kwa mkono, dirishani, na harufu yake ilinikumbusha wali wa Idi nyumbani, jambo lililonitia katika tafakuri isiyokuwa ya kishairi hata kidogo. Maana nyumbani wali wa siku zote si wa Kilombero, ni wa Asia, mchele uliopandwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi na kuuzwa Wete kwa bei ndogo kuliko huu unaoota mbele ya macho yangu. Nilimuuliza yule fundi sababu. Akaniambia nitazame barabara ya vumbi iliyokuwa ikishuka kutoka mashambani hadi kituoni, kisha nitazame ukubwa wa meli. Sikuwa na la kuongeza. Bahari haitengenezwi mashimo, na meli moja hubeba kinachotaka mamia ya malori. Ndiyo maana masafa katika biashara hayapimwi kwa maili, na ndiyo maana Karachi iko jirani na Pemba kuliko Mlimba.

Makambako nilipita nimejitanda blanketi. Mbeya nilikaa kidogo, nikala ndizi za Tukuyu zilizopikwa na nyama, nikazitamania nazi. Yaliyobaki ya njia, kutoka Mbeya kupita Mbozi kwenye mashamba ya kahawa, niliyapita kwa basi, na mapema kabla ya kuuona mji wa Tunduma nikaanza kuiona foleni yake.

Malori yalikuwa yamesimama ukingoni mwa barabara, moja nyuma ya jingine, yenye makontena, yenye matangi ya mafuta, yenye salfa ya kwenda migodini Kongo, na chini ya tela matingo walikuwa wamewasha majiko, wanasonga ugali na kukaanga dagaa, wengine wamefua na kuanika nguo zao kwenye kamba iliyofungwa kutoka gurudumu hadi gurudumu. Dereva mmoja kijana, mzaliwa wa Tanga, alinikaribisha kwenye kigoda. Nilimuuliza foleni inamgharimu nini, maana yeye mshahara wake ni ule ule gari likienda au likilala. "Mzee," akasema, "gari likisimama linakula." Akaanza kunihesabia kwa vidole: posho yake na ya utingo, mkopo wa benki ambao tajiri ameununulia gari na ambao riba yake haijui Jumapili, dhamana ya forodha inayoendelea kushikilia fedha mpaka mzigo utoke nchini, na safari ya pili ambayo gari lingekuwa limekwisha kuianza. Vidole vikamwishia. Gharama zote hizo, alivyoeleza, mwenye gari hazibebi yeye. Huzitia katika nauli, na nauli huingia katika bei ya sabuni na misumari huko Lubumbashi, na anayezilipa mwishoni ni mtu asiyepata kuiona Tunduma maishani mwake.

Haya yalikuwa yakisemwa mbele ya kituo cha pamoja cha forodha, ambacho Rais Magufuli na Rais Lungu walikifungua Oktoba 2019 ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja, chini ya paa moja, na watumishi wa nchi zote mbili. Ni kituo kizuri, na wafanyabiashara wadogo niliozungumza nao wote wanakisifu. Lakini paa moja halikuzifanya sharia kuwa moja. Zambia imo katika SADC na katika COMESA; Tanzania imo katika SADC na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na COMESA ilitoka mwaka 2000; Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, imo katika zote tatu. Kwa hivyo mzigo mmoja, kwa kadiri unavyotoka na unavyokwenda, hutakiwa cheti hiki cha uasilia badala ya kile, na ushuru huu badala ya ule. Na wakala wa forodha anayeyajua mambo hayo hulipwa kwa kuyajua.

Nyuma ya kituo, mji unaendelea kana kwamba hakuna dola. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, mstari wao uliwapitia Wanyamwanga katikati, na hadi leo shangazi yuko Tunduma na mpwa yuko Nakonde, wanazikana na kuozana, na baina ya duka na duka mtu huvuka nchi akifuata chumvi. Mwaka ule wa safari yangu ulikuwa wa njaa kwa Zambia. Ukame ulikausha mahindi mashambani, Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Februari, ilhali upande wa Tanzania maghala yalikuwa yamejaa; na serikali mbili zilikuwa zimepatana kuuziana tani 650,000 za mahindi kutoka akiba ya chakula ya Tanzania. Mahindi hayo yalikuwa na sifa moja zaidi machoni mwa Wazambia: si ya mbegu zilizobadilishwa maabara, ambazo Zambia ilizikataa hata katika njaa ya mwaka 2002, wakati wa Rais Mwanawasa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakipita langoni kwa malori na nyaraka. Yaliyokuwa yakipita pembeni, kwa baiskeli, kwa maguta na kwa migongo ya vijana, hayakuwa na nyaraka, na sidhani kama yalikuwa machache.

Nilikaa kibandani kwa mama lishe mmoja, mtu mzima, ambaye alinipakulia wali, maharage na mchicha, akaniita baba, akaniuliza kama ni kweli kwetu watu hula pweza. Nilipoyataja mahindi akaeleza jambo ambalo sikulisikia kwa mtaalamu yeyote. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, alisema, Serikali ilizuia mahindi yasitoke nchini, kwa nia njema ya kuwalinda walaji wa mijini. Ndugu zake walikuwa wamevuna vizuri, na bei ikaanguka gunia likawa halirudishi hata fedha za mbolea. "Msimu wa pili, baba, wengine hawakulima kabisa." Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nasikia habari ya mikarafuu ya Pemba iliyoachwa ikamezwa na mwitu, imesimuliwa na mwanamke asiyepata kuuona mkarafuu. Maneno yake yananifanya niseme wazi kwamba, katika rai yangu, kuzuia mazao yasivuke ni kumtoza mkulima kodi isiyoandikwa popote, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuilipa.

Hapo hapo kibandani alikuja mwanamke na kikapu cha vitu ambavyo nilidhani ni viazi vidogo vya aina fulani. Vilikuwa viazi vya okidi, maua ya mwitu, vilivyochimbwa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Watu wa pale hawavijali. Lakini Zambia husagwa, huchanganywa na karanga zilizotwangwa na pilipili, hupikwa vikaganda, na hukatwa vipande vipande kama mkate wa nyama. Huitwa chikanda, na nilipokila baadaye huko Kasama nilikiona kitamu, cha udongoudongo kidogo. Zamani kilikuwa chakula cha vijiji vya Wabemba. Miji ilipokua, Wabemba wakahamia Lusaka na Kitwe pamoja na hamu yao, na wasiokuwa Wabemba nao wakakizoea. Viazi vya Zambia vikachimbwa mpaka vikaadimika, na bei iliyopanda Lusaka ikavuka mpaka, ikapanda milima hadi Makete na Sumbawanga, ikawakuta watu walioona maua hayo maisha yao yote bila ya kuyatia thamani. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ina sababu ya kuogopa. Simlaumu yule mama wa kikapu. Alikuwa na wana wa kusomesha, na kiazi kisichokuwa na mwenyewe kilikuwa na mnunuzi.

Nje, wabadilisha fedha walikuwa wamekaa na vitita vya kwacha na shilingi vilivyofungwa kwa mipira. Kijana mmoja, bila ya kutazama popote, alinitajia bei ya shaba ya London. Nikadhani anajigamba. Kumbe ndiyo kazi yake: shaba huiletea Zambia takriban sehemu saba katika kila kumi za fedha zake za kigeni, na kwa hivyo bei yake ikipanda kwacha hupata nguvu, na kwacha ikipata nguvu Wazambia hufurika Tunduma kununua mchele wa Kyela, vitenge na vyombo vya plastiki. Mwezi wa Mei mwaka ule shaba ilikuwa imepita dola 10,000 kwa tani, na kwa kawaida yake angetaraji neema. Lakini ukame ulikuwa umelifanya bwawa la Kariba likose maji, Zambia inanunua umeme na chakula kwa dola, na kwacha ikawa dhaifu pamoja na shaba kuwa ghali. "Mwaka huu hesabu imeniruka, mzee," alisema. Ilikwisha kuwaruka na wakubwa zake.

Ng'ambo ya Nakonde nchi ni pana na tulivu, miombo isiyokwisha, vichuguu virefu kuliko mtu, na kandokando ya barabara magunia ya mkaa yakingoja mnunuzi. Watu ni wataratibu kwa adabu. Hata mtoto akikupa maji huinama kidogo na kupiga makofi hafifu, na salamu yao, mulishani mukwai, husemwa bila ya haraka, kwa sauti inayopanda mwishoni. Mpika nilikula nshima na ifisashi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga, jambo ambalo Mpemba aliyezoea mboga za nazi hulielewa mara moja. Nilikula pia ifinkubala, viwavi vilivyokaushwa. Nilivila kwa heshima ya wenyeji zaidi kuliko kwa hamu, na nilielezwa kwamba gunia lake likifika Lusaka au Lubumbashi huuzwa bei ambayo nyama haiioti. Usiku umeme ulikuwa umekatwa, kama ulivyokuwa ukikatwa nchi nzima kwa saa nyingi kila siku, na mwenye nyumba ya wageni alinihesabia kwa mwanga wa mshumaa ni kiasi gani cha dizeli alichotia katika jenereta, dizeli ambayo ilitoka Dar es Salaam kwa bomba lile lile la mwaka 1968.

Kwenye miji ya shaba, Kitwe na jirani zake, sikudhani ningekutana na nyumbani. Lakini barabarani yalikuwa malori yale yale, na namba za Tanzania, yakirudi na mabamba ya shaba yamelazwa chini kwenye tela, machache mno kwa macho, maana shaba ni nzito na gari hufikia uzito wake likiwa bado linaonekana tupu. Yaliyotangulia juu yalikuwa na salfa, na salfa hufanywa asidi ya kuiyeyushia shaba ya Kongo. Viwanda vya Zambia vinavyoyeyusha shaba kwa moto navyo hutoa asidi hiyo kama moshi uliokamatwa, vikaiuza Kongo. Kwa hivyo kila upande unamhitaji mwenziwe, na kila upande unanung'unika.

Manung'uniko hayo niliyasikia vizuri Kasumbalesa, mpakani na Kongo. Mwezi wa Agosti, majuma machache kabla sijafika, Kongo ilikuwa imezuia bia na soda za Zambia kwa ajili ya kuvilinda viwanda vyake. Wafanyabiashara wakaandamana, Zambia ikafunga mipaka yake ya upande ule, na malori ya shaba, ambayo hayakuwa na ugomvi na soda ya mtu, yakasimama. Baada ya siku chache mipaka ikafunguliwa. Nilimuuliza mama mmoja wa Kikongo, muuza unga, nani alishinda. Akaniita papa, akanijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi ambacho nilikifuata bila ya taabu, kwamba alishinda aliyekuwa na unga ghalani siku ile. Unga wa Zambia, ambao serikali yake kwa miaka mingi imesaidia uwe rahisi, huvuka mpaka ule kwa baiskeli usiku na mchana, kwa sababu Katanga mikono iko migodini na mashamba ni machache. Katika mwaka wa ukame bei yake upande wa Kongo ilikuwa imepaa, na askari wa Zambia wakawa wanauzuia usitoke. Nilizitazama baiskeli zile zikipita uchochoroni, mifuko imefungwa nyuma na mbele, na sikuhitaji mkalimani.

Nchi hii ilikwisha kuwa njia panda kabla ya reli na kabla ya mipaka. Katika karne ya kumi na tisa, Msiri, Mnyamwezi aliyefuata shaba kutoka upande wa Tabora, alijifanya mfalme wa Garenganze na kuketi Bunkeya, akawa anauza shaba, pembe na watumwa huku na huku: upande wa mashariki kwa misafara ya Bagamoyo na Unguja, upande wa magharibi kwa wafanyabiashara wa Benguela. Aliyemletea bunduki na nguo kwa masharti mazuri ndiye aliyepata pembe. Watu wa kapteni Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold, wakamuua mwaka 1891, na wazee wetu wa pwani wakaona biashara ile inawatoka mikononi.

Uchaguzi wa Msiri umerudi. Reli ya Benguela, ambayo vita vya Angola viliisimamisha tangu mwaka 1975 na ambayo Wachina waliijenga upya, sasa inaendeshwa na kampuni za Ulaya kwa kuungwa mkono na Marekani. Na katika mwezi ule ule wa Agosti 2024, shehena ya kwanza ya shaba ya Kongo kwenda Marekani kwa njia hiyo iliondoka bandari ya Lobito. Mwezi wa Septemba 2025, Tanzania na Zambia nazo zilitia saini na kampuni ya Kichina mkataba wa miaka thelathini wa kuifufua TAZARA, kwa dola bilioni 1.4. Nasikia watu wa Dar es Salaam wakizungumza kana kwamba mzigo wa Kongo ni wao kwa hati ya urithi. Si wao. Wenye shaba hawana udugu na bahari yoyote; waliihama Dar es Salaam wakaenda Durban, foleni za Durban zilipowachosha baadhi yao wakarudi, na watakwenda Lobito siku watakayoona huko kuna nafuu ya siku na ya nauli.

Kwa hivyo nina ombi kwa wale wanaopanga mambo ya bandari na forodha zetu, walioko Dar es Salaam na walioko Dodoma. Waende Tunduma bila ya msafara na bila ya kupigiwa ngoma, walale usiku mmoja katika foleni, wamuulize utingo gari lake limesimama hapo tangu lini na linangoja nini. Akiwajibu, waliandike jibu lake kama lilivyo, wapeleke hilo mbele ya mawaziri kabla ya kupeleka ramani yoyote ya reli mpya.